Maruge, mzee aliyekataa kukalia uzee

Katika vilima vya Kuresoi, ambako baridi ya msitu wa Mau haimwachi mtu hata jua liwakapo, kuna desturi ambayo sisi huiita heshima. Mzee akishatimiza miaka sabini hivi, wanawe humwondolea jembe, humwondolea ng'ombe, humwondolea hata ile safari fupi ya kupeleka maziwa barabarani alfajiri. Badala yake hupewa kiti, blanketi na chupa ya chai, akaambiwa apumzike kwa kuwa amefanya kazi ya kutosha. Hayo hutendwa kwa upendo, wala sina haja ya kuutilia shaka upendo huo. Lakini ni wazee wangapi tuliowaona wakinyauka katika kiti hicho kabla ya misimu miwili ya viazi kupita? Mtu aliyekuwa akipanda na kushuka miteremko ya Keringet bila kutweta, ghafla hajui leo ni Jumatatu au ni Alhamisi, maana siku zake zote zimefanana.

Ndiyo sababu nataka leo kumkumbusha msomaji habari za mzee mmoja aliyekikataa kiti hicho. Hakuishi Kuresoi. Hata hivyo, amelala katika kaunti yetu hii ya Nakuru, katika shamba lake huko Subukia, na nadhani wengi wetu tumekwisha kumsahau. Jina lake ni Kimani Ng'ang'a Maruge.

Inakadiriwa kuwa Maruge alizaliwa mwaka wa 1920 hivi, wakati ambapo mtoto wa Mwafrika aliyeketi darasani alikuwa mmoja katika wengi. Yeye hakuwa huyo mmoja. Alikua bila kujua kusoma wala kuandika, akaingia katika vita vya Mau Mau dhidi ya Mwingereza, akauona uhuru ukija, akalea watoto, akapata wajukuu thelathini, akafiwa na mkewe. Kwa hesabu za kawaida za vijijini mwetu, maisha yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa yote, na kilichobaki kilikuwa kungoja tu.

Januari 2003 serikali mpya ya Narc iliyoongozwa na Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Watoto walimiminika shuleni kwa wingi usiowahi kuonekana. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 5.9, waliongezeka katika mwaka huo mmoja wakafika milioni 7.2 hivi. Madarasa yalifurika na madawati hayakutosha. Katika msukosuko huo wote ni wachache waliojiuliza kama ahadi ile ya elimu kwa wote ilimhusu pia babu wa watoto hao. Maruge aliichukulia kuwa inamhusu. Tarehe 12 Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Mwalimu mkuu, Bi Jane Obinchu, alimpokea. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa ndiye mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kujiunga na shule ya msingi.

Picha zake zilienea duniani. Alikuwa amevaa sare kama wenzake, sweta, kaptura iliyotokana na suruali ndefu iliyokatwa magotini, na soksi zilizovutwa juu, huku mkononi ana mkongojo. Ni rahisi kumcheka mzee aliyevaa kaptura. Mimi huona kwamba katika kaptura ile ndimo ulimokuwa ujasiri wake mkubwa, kwa sababu mzee wa Kiafrika anaweza kustahimili njaa, baridi na hata risasi, lakini kuchekwa na watoto ni jambo jingine. Isitoshe, wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi katika shule ile ile. Fikiria, ewe msomaji mwenye wajukuu, kukutana nao katika gwaride la asubuhi!

Na ni nini kilichomtoa nyumbani? Sababu zake zilikuwa ndogo, nami huzipenda kwa udogo wake. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri hakuwa akiyaeleza yaliyoandikwa jinsi yalivyo. Tena alitaka kujua hesabu, maana kulikuwa na tetesi kwamba wapiganaji wa Mau Mau wangelipwa fidia, na hakutaka kupunjwa siku hiyo ikifika. Hakwenda shuleni ili aishi miaka mingi. Hakwenda kutafuta afya. Alikuwa na shaka ya kuondoa na pesa za kuhesabu, basi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mawaidha mengi tunayopewa kuhusu uzee. Mzee huambiwa ale mboga, apunguze chumvi, anywe maji, alale mapema. Ni maneno ya kweli, na mtu wa Kuresoi mwenye sukuma yake bustanini, viazi vyake na maziwa ya ng'ombe wake hana udhuru wa kutoyafuata. Lakini mawaidha hayo humwacha mzee pale pale kitini, akiwa na sahani bora zaidi. Hayamwambii kwa nini aamke kesho. Mtu ambaye hana sababu ya kuamka hata mboga humwia chungu.

Tazama jinsi siku ya Maruge ilivyopangika kwa sababu ya shule. Ilimlazimu kuamka kwa saa maalumu, maana kengele ya shule haimngoji mtu kwa ajili ya mvi zake. Ilimlazimu kuoga na kuvaa nguo safi. Ilimlazimu kutembea. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba watu wazima, pamoja na waliopita miaka 65, wapate angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya kadiri, kama vile kutembea kwa haraka kidogo, na kwamba wazee waongeze mazoezi ya kuwapa nguvu na kuwazuia wasianguke. Anayekwenda shule na kurudi siku tano kwa juma huzimaliza dakika hizo bila kuzihesabu. Baada ya mwendo ilikuja kazi ya akili, yaani herufi, silabi, kujumlisha na kutoa. Kisha kulikuwa na watu. Hili la watu nadhani ndilo kuu. Mzee anayeketi na wazee wenzake tu, mazungumzo yao huishia kwenye magonjwa na mazishi. Mzee anayeketi na watoto wa miaka sita huulizwa maswali ambayo hakuwahi kuulizwa, hucheka bila kukusudia, na hulazimika kuwa na subira. Zamani hayo yalifanyika penye moto wa jioni, bibi akiwasimulia wajukuu hadithi. Moto huo tumeuzima wenyewe, na wajukuu tumewapeleka shule za bweni.

Maruge alifanya vizuri. Mwaka wa 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu wa shule. Septemba mwaka huo huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York wakati wa mkutano wa viongozi wa dunia katika Umoja wa Mataifa, kuutetea mpango wa elimu ya msingi bila malipo. Mzee wa miaka 85, aliyepigana na dola la Mwingereza msituni, sasa alizungumza kwa niaba ya watoto ambao hata hawajui kuna bara jingine. Baadaye, mwaka wa 2010, ilitoka filamu juu ya maisha yake, iliyotengenezwa na mwongozaji Mwingereza, Justin Chadwick, na mwigizaji wetu Oliver Litondo akachukua nafasi ya Maruge. Filamu ni filamu, na si kila kilichomo ni cha kuapiwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mtu wa Kuresoi anajua kilichofuata hata kabla sijakisema, kwa sababu mwisho wa mwaka 2007 moto ulikuwa umekwisha kuwaka kwetu kabla hata kura hazijapigwa. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, Bonde la Ufa lilipasuka. Huko Eldoret Maruge alipoteza mali yake, akajikuta akiishi katika hema kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Umaarufu wa New York haukumpa paa.

Hapo ndipo desturi zake za kila siku zilipoonyesha thamani yake. Kambi ilikuwa kiasi cha kilomita nne kutoka shuleni. Maruge, aliyekuwa anakaribia miaka 88, aliendelea kwenda darasani. Kilomita nne kwenda, kilomita nne kurudi, akitoka hemani na kurudi hemani. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimechukuliwa, isipokuwa mpango wa siku yake.

Nitasimama hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu. Kuresoi imewaona watu wake wakikimbia mwaka wa 1992, wakakimbia tena katika miaka ya 1997 na 1998, na tena mwaka wa 2007 na 2008. Wenye kumbukumbu ndefu huko Olenguruone watakuambia habari za watu waliofukuzwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila mara hesabu hufanywa ya nyumba zilizoteketezwa, mifugo iliyoibwa na ekari zilizoachwa. Hakuna anayehesabu kile ambacho mzee hupoteza. Kijana akihamishwa hujenga upya, hujuana na watu wapya, huanza biashara mahali pengine. Mzee hupoteza njia anayoijua kwa miguu hata gizani, hupoteza jirani wa kubishana naye kila jioni, hupoteza yule ng'ombe mmoja anayekubali kukamuliwa na mkono wake. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimweka hai. Ndiyo maana huwa sina subira na wanasiasa wanaokuja na mablanketi ya kuwagawia wazee huku midomo yao ikiwasha majirani. Anayetaka wazee wa Kuresoi wazeeke kwa furaha, na aanze na amani ya Kuresoi, kisha ndipo aje na blanketi.

Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010 inasema jambo hili kwa namna yake. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanatunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Tumelikamata neno la kutunzwa, na shilingi 2,000 za mwezi ambazo mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 ni sehemu yake, nazo si haba kwa asiye na kitu. Neno la kujiendeleza tumelipita kama halikuandikwa. Madarasa ya ngumbaru, yaliyovuma sana tangu mwaka wa 1979, hayana tena mvuto ule wa zamani. Wanaoketi humo wengi ni akina mama. Wanaume huona haya, eti kalamu imewapita. Maruge aliingia darasa la watoto, kwa kaptura, na mbingu haikuanguka.

Mwaka huo wa 2008 Maruge alihamishiwa Nairobi, katika makao ya wazee ya Cheshire. Huko nako hakukikubali kiti. Aliandikishwa katika Shule ya Msingi ya Marura na kuendelea na masomo, ingawa mwili ulikuwa umeanza kumsaliti. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akapewa jina la Stephen. Alikuwa na miaka 89 hivi, umri ambao wengi wetu hatutaufikia, naye alikuwa bado anaanza mambo.

Saratani ya tumbo ndiyo iliyomshinda. Sitaki mtu adhani kwamba kutembea na kusoma humkinga binadamu na kila ugonjwa. Hakuna desturi yenye uwezo huo, na anayeiuza kwa ahadi hiyo ni mwongo. Maruge alifariki katika Hospitali ya Kenyatta tarehe 14 Agosti 2009, akaletwa kuzikwa Subukia. Fidia aliyokuwa akiingojea ilikuja Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Kufikia hapo alikuwa kaburini kwa karibu miaka minne. Mtihani wa darasa la nane hakuufanya, lakini alipofariki jina lake lilikuwa bado katika orodha ya wanafunzi.