Padre Matteo Ricci: Mgeni Aliyekubali Kufundishwa

Ifikapo Oktoba kila mwaka, Mama Kanisa hutualika kuwakumbuka na kuwaombea wamisionari kwa namna ya pekee. Katika parokia zetu tunasali Rozari, tunatoa sadaka kwa ajili ya kazi za kimisionari, na mara nyingi tunasimuliwa habari za watu walioziacha nchi zao ili kuipeleka Injili mbali. Tunasimuliwa jinsi walivyohubiri, walivyojenga na walivyokufa. Ni mara chache tunasimuliwa jinsi walivyoishi siku moja baada ya nyingine: walijifunzaje lugha, walivaa nini, walipokelewaje na majirani, na walifanya nini walipogundua kwamba wamekosea. Kwa sababu hiyo tumependa kutafakari maisha ya Padre Matteo Ricci wa Shirika la Yesu, aliyezaliwa Macerata, Italia, tarehe 6 Oktoba 1552, akaishi miaka 27 ya mwisho ya maisha yake nchini China, wala hakurudi kwao tena.

Kutoka Macerata hadi mlangoni pa China

Baba yake Matteo alikuwa muuza dawa mwenye heshima mjini. Mwaka 1568 alimtuma mwanawe Roma akasomee sheria, akitumaini kwamba ataipatia familia cheo na jina. Kijana yule akaonja wito mwingine, na tarehe 15 Agosti 1571 akaomba kupokelewa katika unovisi wa Wayesuiti. Inasimuliwa kwamba baba alifunga safari kwenda kumtoa huko, lakini akashikwa na homa njiani, akaona hapo mkono wa Mungu, akageuza kurudi nyumbani.

Huko Roma Matteo alisoma hesabu na elimu ya nyota kwa Padre Christopher Clavius, mmoja wa wataalamu waliotengeneza kalenda tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1578 alipanda jahazi Lisbon kwenda Goa, India. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre huko Cochin mwaka 1580, na mwaka 1582 akawasili Macau, mji wa Wareno kwenye pwani ya China.

Hapo Macau palikuwa na desturi iliyokuwa imeanza kuzoeleka. Mchina aliyebatizwa alitarajiwa kuchukua jina la Kireno, kuvaa Kireno na kuishi Kireno. Padre Alessandro Valignano, msimamizi wa misioni za Wayesuiti katika Asia, aliona kwamba njia hiyo haifai. Akaagiza kwamba padre atakayeingia China ajifunze kwanza lugha na desturi za Wachina, hata kama ingechukua miaka mingi.

Kuwa mtoto tena

Tujaribu kuwaza maana ya agizo hilo. Matteo alikuwa na miaka 30, padre, mtaalamu wa hesabu, mtu aliyezoea kusikilizwa. Ghafla akajikuta hawezi hata kuomba maji kwa ufasaha. Kichina hakiandikwi kwa herufi chache kama lugha zetu. Maneno yake yana alama maelfu, nazo zote ni za kukaririwa. Tena silabi moja hubeba maana tofauti kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Alikaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza, akachora alama moja baada ya nyingine.

Septemba 1583, yeye na Padre Michele Ruggieri waliruhusiwa kukaa Zhaoqing, mji wa kusini mwa China. Wahenga wetu walisema mgeni ni kuku mweupe, na ndivyo walivyokuwa mapadre hao wawili: kila walichofanya kilionekana, na kilipewa tafsiri. Wengine walifika kwa udadisi kutazama vitabu vyao, saa zao na ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani. Wengine waliirushia nyumba yao mawe. Siku moja mtumishi wao alimkamata mvulana aliyekuwa akirusha mawe, na mara uvumi ukaenea kwamba wageni wameteka mtoto ili wakamuuze utumwani. Kesi ikafika kwa mtawala. Ukweli ulipodhihirika, aliyewasingizia akahukumiwa kuchapwa, naye Ricci akamwombea msamaha.

Hata mambo matakatifu yalieleweka vibaya. Mapadre waliweka juu ya altare picha ya Bikira Maria akiwa amempakata Mtoto Yesu. Wageni waliinama mbele yake kwa heshima, lakini ikasambaa habari kwamba Mungu wa watu hawa ni mwanamke. Ikabidi waiondoe picha hiyo na kuweka mahali pake picha ya Kristo. Walijifunza kwamba haitoshi mhubiri kuwa na ukweli. Lazima pia ajue msikilizaji anasikia nini.

Vazi lililokosewa

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la nia njema. Walipoingia China, mapadre walinyoa nywele na ndevu, wakavaa majoho kama watawa wa Kibudha. Walidhani kwamba kwa kuwa ni watu wa dini, wananchi watawatambua upesi kwa vazi la watu wa dini. Kumbe wasomi wa China wa wakati ule, waliofuata mafundisho ya Confucius na kushika madaraka ya nchi, waliwadharau watawa hao. Kwa takriban miaka 12 Padre Ricci alitembea akiwa amevaa vazi lililomfungia milango, wala hakujua vema kwa nini haifunguki.

Aliyemfumbua macho ni mwenyeji. Qu Taisu, mtoto wa familia kubwa aliyekuwa ametapanya urithi wake, alimwendea Ricci akiamini kwamba wageni wale wana siri ya kutengeneza fedha. Siri hiyo hakuipata. Badala yake Ricci alimfundisha hesabu, na urafiki wa kweli ukazaliwa. Rafiki huyo ndiye aliyemweleza waziwazi jinsi watu walivyomwona, na kumshauri avae kama msomi. Qu Taisu mwenyewe alibatizwa baadaye, mwaka 1605.

Hapa tunaona unyenyekevu wa mtumishi huyu. Hakujitetea, wala hakumwambia mwenyeji kwamba yeye ndiye aliyetumwa kufundisha. Pia hakujiamulia peke yake. Aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, na Padre Valignano akakubali. Mwaka 1595 aliacha nywele na ndevu zikue, akavaa joho la hariri la wasomi na kofia ndefu, akajulikana kwa jina lake la Kichina, Li Madou. Mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara sasa alivaa hariri! Bila shaka wapo walioguna. Lakini ufukara wake ulikuwa umehamia mahali pagumu zaidi: aliiacha haki ya kuonekana kama alivyozoea kujiona mwenyewe. Mwaka huohuo aliandika kwa Kichina kitabu kidogo juu ya urafiki, nacho kilisomwa na wengi.

Misalaba ya njiani

Tusidhani kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi. Mwaka 1589 mtawala mpya aliwafukuza Zhaoqing, wakahamia Shaozhou. Hapo mwenzake Padre António de Almeida alifariki mwaka 1591, na Padre Francesco de Petris, aliyekuja kushika nafasi yake, akafariki mwaka 1593. Mwaka 1592 genge la vijana liliivamia nyumba yao usiku. Ricci aliruka dirishani kujiokoa, akaumia mguu, na tangu hapo akachechemea hadi mwisho wa maisha yake. Watu hao nao aliwaombea wapunguziwe adhabu. Mwaka 1595 mashua yake ilipinduka mtoni. Yeye akaokoka, lakini kijana aliyesafiri naye akazama.

Kwa barua hakupata faraja ya haraka. Barua kwenda Italia na jibu lake viliweza kuchukua miaka kadhaa. Aliandika akijua kwamba huenda anayemwandikia amekwisha kuitwa na Mungu. Upweke wa namna hiyo hauonekani katika picha za wamisionari tunazozitundika ukutani.

Saa na msalaba

Nia yake ilikuwa kufika Beijing na kumwomba Kaisari ruhusa ya kuhubiri. Jaribio la mwaka 1598 halikufanikiwa, kwa kuwa China ilikuwa vitani na Japani katika nchi ya Korea, na kila mgeni alishukiwa. Alipojaribu tena mwaka 1600, towashi mmoja mkusanya kodi alimzuia miezi kadhaa na kupekua mizigo yake. Kati ya vitu hivyo akaona msalaba wenye sanamu ya Kristo aliyejaa damu, akapiga kelele kwamba huo ni uchawi wa kumuua Kaisari. Ricci alitafuta maneno ya kueleza, nayo hayakupatikana kwa urahisi. Lugha aliijua, vazi alilibadili, ramani aliichora. Lakini fumbo la Mungu aliyesulubiwa halikuwa na vazi la kulifanya lipokelewe bila mshtuko. Mtume Paulo aliligundua hilo kabla yake.

Tarehe 24 Januari 1601 aliingia Beijing. Zawadi zilizompendeza zaidi Kaisari Wanli zilikuwa saa zenye kugonga zenyewe. Zilihitaji mtu wa kuzitunza, na hivyo mapadre wakaruhusiwa kubaki. Ricci hakuwahi kumwona Kaisari uso kwa uso. Alibaki kwa sababu ya saa, akautumia muda huo kwa ajili ya watu.

Yale yanayobadilika na yasiyobadilika

Rafiki yake mkubwa alikuwa Xu Guangqi, aliyebatizwa kwa jina la Paulo mwaka 1603. Pamoja walitafsiri vitabu 6 vya kwanza vya jiometria ya Euclid, vilivyotolewa mwaka 1607. Msomi mwingine, Li Zhizao, aliipenda imani na kumsaidia sana Ricci, lakini alikuwa na suria. Ricci hakumbatiza kwa sababu ya urafiki wala ya cheo chake. Alisubiri miaka mingi. Mwaka 1610 Li aliugua sana, Ricci akamuuguza, naye akakubali masharti ya Injili na kubatizwa kwa jina la Leo.

Kuhusu heshima ambayo Wachina huwapa wazee wao waliokufa, Ricci aliona kwamba kwa sehemu kubwa ni shukrani ya watoto kwa wazazi, si ibada ya miungu. Baada ya kifo chake hoja hiyo ilileta ubishi mkubwa. Mapapa Klementi XI na Benedikto XIV walizikataza desturi hizo. Mwaka 1939, chini ya Papa Pio XII, Wakatoliki waliruhusiwa kushiriki heshima hizo za kijamii. Sisi tunaoulizana kila siku kuhusu misiba, makaburi na mila za wazee wetu tunapaswa kuliona hili vizuri. Utamadunisho si jambo la kuamuliwa kwa pupa na mtu mmoja, wala si la kutupiliwa mbali kwa hofu. Unadai kujua mila kwa undani, uaminifu kwa Injili, utii kwa Kanisa, na subira.

Mwisho wa safari

Mwaka huohuo wa 1610, wasomi wengi walifurika Beijing kwa mitihani ya serikali, na wengi walitaka kumwona Li Madou. Ilikuwa Kwaresima; alifunga, naye aliinuka mezani kila mgeni alipobisha hodi. Nguvu zikamwishia. Alifariki tarehe 11 Mei 1610, akiwa na miaka 57. Kaisari alitoa kiwanja cha kumzika, heshima isiyo ya kawaida kwa mgeni. Kaburi lake lipo Beijing hadi leo. Wakristo nchini humo wakati huo walikadiriwa kuwa 2,500 tu. Tarehe 17 Desemba 2022 Papa Fransisko aliridhia kutambuliwa rasmi kwamba Padre Ricci aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Wapendwa katika Kristo, wengi wetu tu wageni mahali fulani: padre aliyehamishiwa parokia ya kabila lingine, mwalimu aliyepangiwa mkoa wa mbali, binti aliyeolewa ugenini. Tunapofika, tunajiuliza tutawapa nini wenyeji. Maisha ya Padre Ricci yanatudai tujiulize kwanza kama tuko tayari kuambiwa na wenyeji kwamba vazi letu si lenyewe. Na sisi tunaowapokea wageni tumkumbuke Qu Taisu, aliyempenda mgeni wake kiasi cha kumwambia ukweli. Tuwaombee wamisionari wote mwezi huu, hasa wale ambao leo hii wanajifunza maneno ya kwanza ya lugha wasiyoijua.