George Beadle: Kutoka Mahindi hadi Ukungu wa Mkate

Wanachuo wetu wanapofundishwa urithi huelezwa matokeo tu, kwamba jeni huongoza utengenezaji wa vimeng'enya. Njia iliyowafikisha wataalamu huko huachwa. Hapa tutamtazama George Beadle, aliyezaliwa mwaka 1903 katika shamba karibu na mji wa Wahoo, Nebraska, Marekani. Yumkini angebaki mkulima kama baba yake, lau mwalimu wake wa sayansi asingalimhimiza aende chuo kikuu.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell alichunguza urithi wa mahindi; baadaye, huko California, akageukia inzi wa matunda. Mwaka 1935 alikwenda Paris. Yeye na Boris Ephrussi walitoa chipukizi la jicho katika buu mmoja wakalipandikiza ndani ya mwingine, wakaona kuwa rangi ya jicho hutokana na dutu zinazofuatana, kila hatua ikitawaliwa na jeni yake. Dutu hizo ni zipi? Beadle na mwanakemia Edward Tatum walihangaika kwa miaka kadhaa huko Stanford, na mwaka 1940 Wajerumani wakawatangulia kuitambua mojawapo. Mwalimu aliyewahi kushindwa na jaribio mbele ya darasa anaujua uchungu huo.

Mwaka 1941, akisikiliza mhadhara wa Tatum, Beadle alitambua kuwa swali lilikuwa kichwa chini miguu juu. Badala ya kushika jeni na kuitafutia kemia yake, heri kushika kemia inayojulikana na kuitafutia jeni. Kwa kazi hiyo inzi hakufaa. Walichagua ukungu wa mkate, Neurospora, unaotosheka na sukari, chumvichumvi na vitamini moja tu, biotini. Waliupiga eksirei, wakauzalisha, wakaotesha kila spora peke yake katika chakula kamili, kisha wakahamishia kwenye chakula hafifu ili waone upi utashindwa kukua. Wa 299 ulishindwa, mpaka ulipoongezewa vitamini B6. Na kasoro hiyo ikarithiwa kama jeni moja. Jaribio la namna hii, kwa maoni yetu, lastahili kipindi kizima darasani.

Beadle na Tatum walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958, pamoja na Joshua Lederberg aliyechunguza bakteria. Kuanzia 1961 hadi 1968 Beadle aliongoza Chuo Kikuu cha Chicago. Alipostaafu alirudia mahindi. Aliamini kwamba asili yake ni teosinte, nyasi ya mwituni ya Meksiko, ingawa wengi walimpinga. Alizalisha mimea hiyo miwili pamoja, akapanda wajukuu wake wapatao 50,000. Takriban mmoja katika kila 500 ulifanana na teosinte, dalili kwamba jeni chache tu ziliwatenganisha. Alifariki mwaka 1989. Uchunguzi wa jeni umethibitisha kuwa teosinte ndiyo mzazi wa mahindi.