Lev Artsimovich: Mlezi wa Tokamaki

Jua linaloivisha mahindi na kukausha pareto katika vilima vya Sachangwan hupata joto lake kutokana na kuungana kwa viini vya haidrojeni. Kuwasha moto wa namna hiyo ndani ya chombo hapa duniani ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha ya Lev Artsimovich.

Mwanafizikia huyu alizaliwa Moscow mwaka 1909, akasomea Minsk, kisha akajiunga na taasisi ya fizikia ya Leningrad mwaka 1930. Tangu mwaka 1951 hadi kufa kwake, aliongoza majaribio ya Usovieti ya kuunganisha viini. Chombo walichokitumia kiliitwa tokamaki: bomba la duara, mfano wa kata ya kubebea mtungi kichwani, lililozungushiwa koili za umeme. Uga wa sumaku wa koili hizo huizuia plazma, yaani gesi iliyopashwa moto hadi atomu zake zikavunjika, isiguse kuta.

Hata hivyo, uga huo haukosi dosari. Koili ikikaa upande kidogo tu, mistari ya sumaku hupotoka na joto huvuja. Artsimovich na wenzake walitumia miaka mingi kuzipanga koili kwa makini na kuurekebisha uga uliopotoka.

Agosti 1968, mjini Novosibirsk, alitangaza kwamba tokamaki ya T-3 ilikuwa imefikia joto la takribani digrii milioni 10. Wataalamu wengi wa Magharibi walitia shaka. Badala ya kubishana nao, Artsimovich aliwakaribisha Waingereza kutoka Culham, katikati ya Vita Baridi, waje Moscow na leza yao wajipimie. Mwaka 1969 vipimo vyao vilimthibitisha. Mwaka uliofuata, Princeton nchini Marekani ilikuwa imekwisha kuugeuza mtambo wake mkubwa kuwa tokamaki.

Artsimovich alifariki mwaka 1973. Tokamaki ya ITER, inayojengwa Ufaransa, imewekewa koili 18 za kusahihisha uga, kwani dosari ya sehemu moja tu kwa 10,000 yaweza kuivuruga plazma. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Artsimovich aliziba nyufa mbili: ule wa sumaku, na ule wa shaka baina ya mataifa mahasimu. Huo wa pili aliuziba kwa kuwafungulia wapinzani wake mlango wa maabara.