Karel Wenckebach: Tabibu aliyeusoma moyo kwa kidole na bikari

Katika wilaya ya Mudhaibi, mkoani Sharqiya Kaskazini nchini Oman, ambako familia kadhaa bado zinazungumza Kiswahili walichorudi nacho wazee wao kutoka Unguja na Pemba, muuguzi kijana anayejifunza kusoma kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho hospitalini huitwa ECG, hukutana mapema na jina gumu kulitamka: Wenckebach. Mwenzake wa Muhimbili mjini Dar es Salaam, au wa Mulago mjini Kampala, hukutana nalo vilevile. Wengi hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani bila ya kujua kwamba lilikuwa la mtu, na kwamba mtu huyo aliigundua hitilafu ya moyo inayoitwa kwa jina lake kabla mashine ya ECG haijakuwepo duniani.

Karel Frederik Wenckebach alizaliwa tarehe 24 mwezi Machi mwaka 1864 mjini The Hague, Uholanzi. Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Utrecht, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari. Inaelezwa kwamba kwanza alivutiwa na elimu ya wanyama na ukuaji wa viumbe tumboni, lakini macho yake hayakuweza kutofautisha baadhi ya rangi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama chini ya darubini vipande vilivyotiwa rangi, hilo lilikuwa pingamizi kubwa. Akahamia kwa Profesa Theodor Engelmann, mtaalamu wa utendaji kazi wa mwili, ambaye alikuwa akichunguza mioyo ya vyura. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huenda udhaifu huo wa macho ndio uliotupatia daktari bingwa wa moyo.

Mwaka 1891 Wenckebach alikwenda Heerlen, kusini mwa Uholanzi, akawa daktari wa kawaida wa watu wa shamba na mji mdogo. Alikaa huko miaka mitano, kisha akarejea Utrecht, akaendelea kutibu wagonjwa huku akirudi mara kwa mara maabara. Maisha hayo ya nusu zahanati na nusu maabara ndiyo yaliyomtayarisha kwa jambo lililotokea muda mfupi baadaye.

Mgonjwa mwenye mapigo ya ajabu

Mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 40 alifika kwake akilalamika kwamba mapigo yake hayaendi sawa. Wenckebach alimshika mkono, akaweka kidole penye mshipa, na akatambua kwamba kasoro ile ilikuwa na utaratibu wake. Moyo ulipiga mara kadhaa, ukaruka pigo moja, ukapiga tena mara kadhaa, ukaruka tena. Daktari mwingine angeandika tu kwamba mapigo hayana mpangilio, akatoa dawa. Yeye aliona kuwa mpangilio upo, ila haujaelezwa bado.

Chombo alichokuwa nacho kilikuwa sfigmografu: kijiti kinachowekwa juu ya mshipa wa mkono, kikiinuka na kushuka pamoja na damu, na kuchora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Kwenye karatasi hiyo aliweza kupima nafasi kati ya pigo na pigo kwa sehemu ndogo za sekunde. Na hapo akakuta mambo mawili ya kushangaza. Kwanza, kituo kile kirefu, pale pigo linaporukwa, kilikuwa kifupi kuliko nafasi mbili za kawaida zikijumlishwa. Pili, nafasi ya kwanza baada ya kituo ilikuwa ndefu kuliko nafasi ya mwisho kabla yake.

Ili msomaji apate kuelewa, yafaa kukumbuka jinsi moyo unavyofanya kazi. Kila pigo huanzia katika vyumba vya juu, na amri ya umeme huteremka hadi vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Kati ya juu na chini ipo njia moja tu ya kawaida, na njia hiyo kwa maumbile yake huichelewesha amri kidogo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Vyumba vya juu vinatoa amri kila baada ya sekunde 0.75, bila kukosea. Amri ya kwanza inacheleweshwa njiani kwa sekunde 0.18, ya pili kwa 0.28, ya tatu kwa 0.33, na ya nne haifiki kabisa. Kisha njia inapumzika, na amri inayofuata inapita tena kwa 0.18. Anayepima mkononi atapata nafasi ya 0.85, kisha 0.80, kisha kituo cha 1.35, halafu 0.85 tena. Ucheleweshaji unazidi kuongezeka, lakini nyongeza yenyewe inapungua: kwanza 0.10, kisha 0.05. Ndiyo maana mapigo yanaonekana kama yanaongeza kasi kabla ya kuruka, jambo ambalo mtu asingelitarajia kutoka kwenye njia inayochoka.

Wenckebach hakuweza kuiona amri ya vyumba vya juu. Aliona matokeo yake tu mkononi. Lakini alikuwa ameijua hesabu hiyo kutoka katika mioyo ya vyura, na alikumbuka kwamba Mtaliano Luigi Luciani alikwisha kuuona mkusanyiko wa mapigo kama huo mwaka 1873. Hivyo alirudi nyuma kwa hesabu, kutoka mshipa wa mkono hadi ndani ya kifua. Mwaka 1899 akachapisha maelezo yake. Bila mashine ya umeme na bila kupasua mtu, alikuwa ameonesha mahali ambapo moyo wa binadamu aliye hai unakwama.

Aina ya pili na mashine ya Leiden

Mwaka 1901 Wenckebach aliteuliwa kuwa profesa wa tiba katika chuo kikuu cha Groningen, na mwaka 1903 akatoa kitabu chake kuhusu mapigo yasiyo na mpangilio. Kitabu hicho kilimkutanisha na James Mackenzie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu watu wa viwandani huko Burnley, Uingereza. Mackenzie alikuwa na chombo kilichorekodi pia mshipa wa shingoni, ambao huonesha mtikisiko wa vyumba vya juu. Wawili hao, ambao kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake peke yake, wakawa marafiki.

Kwa njia hiyo ya shingoni, mwaka 1906 Wenckebach alieleza aina nyingine ya kukwama, ambapo amri haicheleweshwi zaidi na zaidi: inapita vizuri, inapita vizuri, kisha ghafla haipiti. Mwaka huohuo John Hay wa Liverpool aliieleza hali hiyohiyo.

Wakati huo, katika mji wa Leiden, Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java, alikuwa amekamilisha mashine ya kurekodi umeme wa moyo. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Mashine haikuweza kupelekwa hospitali, kwa hiyo Einthoven alivuta waya wa umbali wa kilomita moja na nusu kutoka kitanda cha mgonjwa hadi maabara yake. Sasa kile alichokikisia Wenckebach kilionekana waziwazi: wimbi dogo la P la vyumba vya juu, na baada yake michirizi mirefu ya QRS ya vyumba vya chini. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Mwaka huohuo wa 1924, Woldemar Mobitz, daktari mzaliwa wa St. Petersburg aliyefanya kazi Ujerumani, alizipanga aina zile mbili kwa kutumia ECG. Tangu hapo zinaitwa Mobitz ya kwanza na Mobitz ya pili, na ile ya kwanza imebaki na jina la Wenckebach pia. Mobitz aliongeza jambo ambalo lina uzito wa uhai na mauti: aina ya pili ndiyo inayoelekea kwenye kukatika kabisa kwa njia, na kwenye vile vipindi vya kuzirai ambavyo madaktari wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, walikuwa wamevieleza. Mgonjwa anaanguka ghafla, anabadilika rangi, pengine anatetemeka, kisha anainuka kama hakuna lililotokea. Katika jamii zetu wapo watu wa namna hiyo walioambiwa kuwa wana kifafa, au wamepandwa na jini.

Kwinini ya mfanyabiashara

Mwaka 1911 Wenckebach alihamia Strasbourg, na mwaka 1914 akaitwa Vienna, ambako alibaki hadi mwisho wa maisha yake. Kutoka miaka hiyo kuna kisa kimoja kinachostahili kusimuliwa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, wanaoijua vizuri kwinini kwa sababu ya malaria.

Mwaka 1912 alifika kwake mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyekuwa ameishi makoloni ya Uholanzi ya mashariki. Moyo wake ulikuwa katika hali ya kutetemeka bila mpangilio wowote, na daktari alimweleza kwamba hana dawa ya kuuondoa mtetemeko huo. Mgonjwa alishangaa kidogo, kwani yeye mwenyewe alikuwa nayo. Aliahidi kurudi kesho yake akiwa na mapigo yaliyotulia, na akarudi hivyo. Alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini, dawa aliyozoea kuitumia huko alikotoka. Profesa hakumdharau. Aliijaribu kwa wagonjwa wengine, akaona inafaulu kwa wachache tu, na mwaka 1914 akaandika habari hiyo bila ya kuficha kwamba aliyemfundisha alikuwa mgonjwa wake. Mwaka 1918 Walter Frey akaonesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini, ina nguvu zaidi, na ikawa dawa ya moyo kwa miongo mingi.

Wenckebach alistaafu mwaka 1929. Mwaka huohuo yeye na Aalsmeer walichapisha utafiti wao kuhusu moyo katika ugonjwa wa beriberi, unaowapata watu wanaoishi kwa kula mchele uliokobolewa mno. Alifariki dunia mjini Vienna tarehe 11 Novemba mwaka 1940, wakati nchi yake ya kuzaliwa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Hakuiona betri ya moyo. Ya kwanza kuwekwa mwilini iliwekwa mjini Stockholm mwezi Oktoba mwaka 1958, kwa Msweden Arne Larsson, ambaye njia ya umeme wa moyo wake ilikuwa imekatika akawa anazirai mara nyingi kwa siku. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafa akiwa na umri wa miaka 86. Leo betri hizo huwekwa pia Afrika Mashariki, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015.

Bikari ingali mezani

Wanafunzi wa leo, wa Mudhaibi au wa Mombasa, wanapewa karatasi yenye miraba midogo, kila mmoja ukiwa sekunde 0.04. Wanafundishwa kuanza na wimbi la P na kulifuata kwa bikari, au kwa ukingo wa karatasi uliowekwa alama, wakihakikisha kuwa linakuja kwa wakati wake. Kisha wanapima muda wa PR, yaani kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS. Ukizidi miraba mitano na kila P ikifuatwa na QRS, hiyo ni daraja la kwanza. Katika nchi zetu mtoto mwenye hali hiyo pamoja na maumivu ya viungo huchunguzwa homa ya baridi yabisi. Muda ukirefuka hatua kwa hatua hadi QRS moja ikakosekana, hiyo ni Wenckebach, ambayo huweza kumtokea hata mwanariadha mzima akiwa usingizini, na mara nyingi haihitaji betri. Muda ukibaki uleule na QRS ikakosekana ghafla, hiyo ni Mobitz ya pili, na mgonjwa hapelekwi nyumbani. P na QRS zikiwa kila moja inakwenda njia yake bila kujuana, njia imekatika kabisa.

Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni la kutazama kituo tu na kusahau kilichotangulia. Anayetaka kuzitenganisha aina mbili hizo hulinganisha PR ya mwisho kabla ya kituo na ya kwanza baada yake: zikitofautiana ni ya kwanza, zikilingana ni ya pili.

Ipo hata hivyo hali moja ambapo kanuni hiyo haisaidii. Kila P ya pili ikikosa QRS yake, moja inapita na moja inakwama, hakuna PR mbili zinazofuatana za kulinganisha, na aina haiwezi kusomeka kutoka katika mistari hiyo. Msomaji mwangalifu haandiki Wenckebach wala Mobitz. Anaandika kwamba ni mbili kwa moja, anaangalia dawa anazotumia mgonjwa, anamuuliza kama amewahi kuzirai, kisha anarekodi karatasi ndefu zaidi na kungoja hadi P mbili zipite kwa kufuatana.