Grzimek: Daktari wa mifugo aliyehesabu nyumbu kutoka angani

Kila mwaka maelfu kwa maelfu ya nyumbu na pundamilia huvuka Mto Mara na kuingia Kenya, bila kuujali mpaka uliochorwa na wakoloni. Leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Lakini hadi mwisho wa miaka ya hamsini hapakuwa na hesabu kamili ya makundi hayo, na njia zao zilikuwa suala la ubishi. Mmoja wa waliojitwika mzigo wa kuumaliza ubishi huo ni Profesa Bernhard Grzimek. Kazi hiyo ilimgharimu mwanawe.

Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao sasa ni Nysa, nchini Poland. Alisomea udaktari wa mifugo. Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka wa 1945, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imeharibiwa kwa mabomu. Aliifufua na kuiongoza hadi 1974.

Mnamo 1956 alitoa filamu kuhusu wanyamapori wa Afrika wanaopokonywa makao, nayo ikamletea fedha nyingi. Alitaka zitumike kununua ardhi ya kupanua hifadhi ya Serengeti, iliyoko katika nchi iliyoitwa Tanganyika. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa nchini humo alimpa shauri jingine: awahesabu wanyama kwanza. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga kuimega Serengeti, ili Ngorongoro na nyanda za mashariki ziwe nje ya hifadhi na Wamaasai waendelee kulisha mifugo yao huko. Hakuna aliyejua kwa yakini ni wanyama wangapi wangeachwa nje ya mpaka huo mpya.

Grzimek na mwanawe Michael walijifunza urubani, wakanunua ndege ndogo na kuipaka milia ya pundamilia. Mwishoni mwa mwaka wa 1957 waliirusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Waliigawa nyika vipande vipande kwenye ramani, kisha wakapaa juu ya kila kipande huku wakihesabu. Waliwavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue wakiwa mbali, na wakachunguza nyasi ili wafahamu kwa nini makundi huhama.

Walihesabu wanyama zaidi ya 360,000, wakiwemo nyumbu wapatao 100,000. Lakini kilichokuwa na uzito zaidi ni njia zao. Msimu wa mvua, makundi makubwa yalikula majani mafupi ya nyanda za mashariki, sehemu ile ile iliyokusudiwa kukatwa. Mpaka ulikuwa umechorwa mezani, nao wanyama walikuwa na wao.

Januari 10, 1959, Michael alikuwa akiruka peke yake pale tumbusi alipoigonga bawa la ndege. Ndege ilianguka naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Mwaka huo huo serikali ilitekeleza mpango wake na kuitenga Ngorongoro. Baba aliyefiwa alikamilisha kitabu na filamu walizozianza pamoja. Filamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya Oscar mnamo 1960, na jina la Serengeti likaenea duniani kote.

Hata hivyo, haki inatudai tutaje upande wa pili. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kuwa na wakazi, hata wawe wafugaji wanaoishi na wanyama tangu jadi. Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka wa 1959, na kidonda hicho hakijapona. Ramani yake iliwaona nyumbu vyema kuliko ilivyowaona watu.

Funzo lake kuhusu mipaka, hata hivyo, lilidumu. Mabadiliko ya 1959 yaliipa Serengeti ardhi ya kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Mwaka wa 1961, Maasai Mara, yenye ukubwa wa kilomita mraba 1,510 hivi sasa, iliwekwa chini ya baraza la Narok. Sotoka ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu waliongezeka hadi kupita milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya sabini. Hesabu ya angani ikawa desturi, na siku hizi mikanda ya shingoni huwasiliana na setilaiti. Lakini nchi moja ikiziba njia, jitihada za jirani yake huwa kazi bure.

Grzimek alifariki mjini Frankfurt Machi 13, 1987. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya mwanawe, katika ardhi ile ile aliyoshindwa kuizuia isikatwe.