Askofu aliyetembea na wapagazi

Ukienda Kariakoo kununua kitenge, kumbuka kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa maradhi na uchovu.

Mwaka 1916 kikosi kimoja cha wapagazi kiliongozwa na askofu. Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908, aliwakusanya watu, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu.

Alizaliwa London mwaka 1871, akasomea teolojia Oxford, akafika Zanzibar 1898 na kufundisha vijana Kiungani. Hakuwa mtu mwepesi. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakashiriki meza moja ya Bwana. Weston akawashtaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi. Sisi Wakatoliki twaweza kumwelewa, ingawa naona ulimi wake ulikuwa mkali mno.

Mwaka 1918 alitoa kijitabu kuhusu ukatili wa Wajerumani kwa Waafrika. Hilo halikuwa gumu. Nani asiyeiona dhambi ya adui wakati wa vita? Lakini vita ilipokwisha, serikali ya Kiingereza huko Kenya iliwaagiza machifu wapeleke watu kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1920 Weston akaandika tena, safari hii dhidi ya taifa lake mwenyewe: kumlazimisha Mwafrika afanye kazi kwa faida ya mlowezi ni dhambi, hata bendera ikiwa ya Uingereza.

Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana London, aliwaambia wale waliopigania haki ya kuwa na tabernakulo kwamba kumwabudu Yesu humo ni bure ikiwa hawamhurumii katika mitaa ya mabanda. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa ibada, kama wewe na mimi. Je, msichana wa kazi uliyemwacha nyumbani asubuhi hii amelipwa mshahara wa mwezi uliopita?

Weston alirudi kwa watu wake. Alifariki Hegongo, Muheza, tarehe 2 Novemba 1924, siku ya kuwaombea marehemu wote, akiwa na umri wa miaka 53.