Kifungu cha Ufahamu: David Livingstone na Vipimo vya Maji

Soma kifungu hiki kwa makini. Zingatia maneno ya kukadiria, kama vile yapata, takriban, kiasi cha na si chini ya, pamoja na vitenzi vyenye viambishi vya masharti -nge- na -ngali-.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 mjini Blantyre, nchini Uskoti. Alipotimiza umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akawa anasoma usiku baada ya kazi ya kutwa. Baadaye alisomea utabibu, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini akiwa mmisionari. Safari zake zilimfanya awe mpimaji pia. Palipokuwa na kifaa alipima. Palipokosekana kifaa alikadiria kwa macho.

Mwaka 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi. Alikadiria kwamba mto ulikuwa na upana wa yadi 1,000, yaani takriban mita 900, na kwamba maji yalianguka futi 100, yapata mita 30. Leo tunajua kuwa upana ni kiasi cha mita 1,700 na kimo ni mita 108. Aliporudi mwaka 1860, aliteremsha kamba iliyofungwa risasi na kipande cha kitambaa cheupe ili ncha yake ionekane kutoka juu. Kamba ilikwama kwenye mteremko wa mwamba baada ya futi 310. Sehemu iliyobaki aliikisia kuwa futi 50, akajumlisha, akapata futi 360, yaani takriban mita 110. Kisio lililojengwa juu ya kipimo lilimkaribisha mno kwenye ukweli.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile, na mwezi Machi 1871 akafika Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Alikadiria kwamba mto huo ulikuwa na upana usio chini ya yadi 3,000 na mwendo wa maili 2 kwa saa, ukielekea kaskazini. Alitumaini kuwa ndio Nile, ingawa mara kwa mara alihofu kwamba huenda ukawa Kongo. Mashua za kuufuatia mto hakuzipata. Mwezi Julai watu wengi waliuawa sokoni Nyangwe mbele ya macho yake, naye akageuka kurudi Ujiji akiwa mgonjwa na mwenye uchungu.

Huko Ujiji alikutwa na Henry Morton Stanley. Katikati ya Novemba 1871 wawili hao walipanda mtumbwi, wakafuata mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, chini ya vilima vya Rumonge na Bugarama, hadi Mugere. Jiwe lililopo Mugere hata leo lina tarehe 25 Novemba 1871. Walitaka kujua kama mto Rusizi ulitoka ziwani au uliingia. Kama ungalitoka, ziwa lingaliweza kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya Nile. Kimo cha ziwa hakikuweza kuamua jambo hilo. Mwaka 1858 Speke alikuwa amekipima kwa kutazama maji yanachemka katika joto gani, akapata futi 1,844, yapata mita 560, ilhali kimo halisi ni takriban mita 770. Katika upimaji wa namna hiyo, kosa la nyuzi moja ya Selsiasi huleta kosa la kiasi cha mita 300. Masimulizi nayo yalipingana. Basi walipiga makasia hadi mdomoni mwa mto, wakaona maji yakiingia ziwani kwa nguvu. Swali lilikuwa la mwelekeo, si la kiasi, na hakuna kisio ambalo lingalilijibu.

Livingstone hakukata tamaa juu ya Lualaba. Alirudi kusini kutafuta vyanzo vyake, akafariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, nao ukazikwa London mwezi Aprili 1874.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe. Alitoa hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kimo: alisema Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, ambako Nile hupita. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu, kwani mahali hapo pawili panakaribiana kwa kimo, na kosa dogo la kipimajoto lingeweza kuigeuza. Ya pili ilikuwa wingi wa maji: Lualaba ulipitisha futi za ujazo 123,000 kwa sekunde wakati wa kiangazi, na Nile pale Gondokoro 21,500 tu. Mto hauwezi kumimina maji yake yote katika mto ulio mdogo kuliko wenyewe zaidi ya mara tano.

Tuyachukue sasa makadirio ya Livingstone mwenyewe. Upana ni mita 2,700, na mwendo ni mita 0.9 kwa sekunde. Hata kama kina kingekuwa mita 1 tu, maji yangekuwa mita za ujazo zipatazo 2,400 kwa sekunde, ilhali Nile ya Gondokoro ilikuwa na kiasi cha 600. Upana ungepunguzwa nusu, Lualaba ungebaki mkubwa maradufu. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo hadi bahari ya Atlantiki: ulikuwa Kongo.

Maswali

1. Kwa nini hoja ya wingi wa maji ilikuwa na nguvu kuliko hoja ya kimo?
2. Linganisha maana ya -nge- katika aya ya mwisho na -ngali- katika aya inayohusu Rusizi.
3. Kadiria maji yanayopita kwa sekunde katika mto ulio karibu na chuo chako. Eleza hesabu yako kwa aya moja, ukitumia maneno yasiyopungua matatu ya kukadiria.